Kiungo Kisichoandikwa

Mara ya kwanza Atuganile alidhani ameharibu kazi kwa jasho lake mwenyewe. Mtu yeyote wa maabara ile angedhani hivyo. RNA, ujumbe unaobeba maagizo ya seli, hudeka kuliko mtoto wa mwisho. Ukiigusa kwa kidole kisicho na glavu, vimeng'enya vilivyomo kwenye jasho huikatakata kabla hujamaliza kujuta. Akatupa glavu, akanawa, akavaa nyingine, akafuta meza kwa dawa, akaanza upya. Mara ya pili picha ya kipimo ikatoka vilevile. Mara ya tatu, saa nne asubuhi ya Jumanne, mvua ya Tukuyu ikipiga bati kama kawaida yake, aliketi akaitazama picha hiyo kwa muda mrefu.

Palipaswa kuwa na mstari mmoja mnene, alama ya ujumbe mzima. Badala yake kulikuwa na mistari miwili myembamba. Kitu fulani kilikuwa kimeukata ujumbe ule vipande viwili, mahali palepale, mara tatu mfululizo. Jasho halikati hivyo; jasho hutafuna ovyo kama panya kwenye gunia. Huyu alijua pa kukata, na katika jengo lile mkataji wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Alikuwa Mkasi wa Saba.

Seli alizozitia Mkasi na kuzipima zilitoka kwenye kondo la nyuma. Mkunga wa zahanati alimpa kipande kidogo kwa ridhaa ya mama aliyejifungua Ijumaa. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya wiki nane, jambo walilolijua mumewe na mama mkwe wake tu, na baada ya siku tisa yeye na kila mtu wa wilaya angevuta Mkasi wa Saba puani kama kinga. Alitaka tu kuhakikisha, kama mpishi anavyoonja mboga kabla ya kupakua. Sasa ameonja, na mboga ina sumu.

Ujumbe uliokatwa ndio unaoamrisha seli za kondo ziungane na kumlisha mtoto. Usipokuwepo, kondo halishiki na mimba inatoka. Kama Mkasi ungegawiwa kama ulivyo, mimba changa za wilaya nzima zingetoka ndani ya mwezi mmoja, na ya kwake ikiwemo.

*

Siku tisa zile hazikuwa za kuchezea. Kikohozi cha kijivu kilikuwa kimeshafika bondeni, na kwa jinsi kilivyokuwa kikipanda kijiji kwa kijiji, kingefika milimani siku hizohizo tisa zikiisha.

Watu wengi huisifu seli kwa yale inayoyajenga. Atuganile aliisifu kwa yale inayoyafuta, na aliweza kukuchosha kwa sifa hizo ukimpa nafasi. Kila ujumbe wa RNA unaotoka kwenye kiini hubeba agizo: tengeneza hiki, tengeneza kile. Ukishasomwa vya kutosha, lazima ufe. Jiko ambalo maagizo ya jana, ya juzi na ya mwaka juzi bado yanapikwa yote kwa pamoja haliwezi kulisha mtu, litaungua. Kwa hiyo seli ina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuula ujumbe uliokwisha kazi, kuanzia mkiani hadi kichwani, herufi moja baada ya nyingine, bila kelele na bila kukosea. Aliposoma habari hizo akiwa kidato cha tano, aliona ni kama kuonyeshwa adabu ambayo mwili umekuwa nayo siku zote bila kujisifu.

Kirusi cha kikohozi cha kijivu kiliijua adabu hiyo na kilikuwa na ujanja wake. Karibu na mwisho wa RNA yake kilijifunga fundo. Kimeng'enya cha seli kinakuja kikila, kinafika kwenye fundo, kinakwama. Hapo nyuma ya fundo kirusi kinaendelea kuandika maagizo yake, na nyumba ya watu imekuwa yake. Katika Miaka ya Kikohozi, fundo hilo moja liliwamaliza watu hadi mashamba ya chai yakarudi kuwa msitu.

Ndipo akatokea Profesa Anyelwisye Mwaisumo, akauliza swali ambalo mtoto angeliuliza: kama kirusi peke yake ndicho chenye fundo, kwa nini fundo lisiwe ndiyo alama ya kukikamatia? Akatumia miaka kumi na tisa kuunda kimeng'enya ambacho hulala kimejikunja ndani ya seli, hakigusi kitu, mpaka kikutane na fundo. Hapo huamka na kukata. Mkasi wa Kwanza haukuamka kabisa. Wa Nne uliamka na njaa, ukala kila RNA uliyoiona, na seli zote zikafa mchana mmoja. Wa Saba ulikuwa mtulivu. Atuganile aliwahi kuutazama ukifanya kazi kwenye kioo, fundo kwa fundo, akatokwa na machozi, na hakuona haya kumwambia mumewe kwamba amelia.

Kilichosahaulika ni habari ya zamani sana. Kabla binadamu hajawa binadamu, kirusi fulani kiliingia kwenye damu ya mababu wa mababu na hakikutoka tena. Mwili haukukifukuza. Ulikipa kazi. Ile protini kiliyoitumia kujigandisha kwenye seli za watu ndiyo leo inayoziunganisha seli za kondo la nyuma. Kila mtu anayetembea juu ya ardhi hii alilelewa tumboni na kirusi kilichotubu. Sasa Atuganile alikuwa ameona kwamba hata kilipotubu, hakikufungua fundo lake. Mkasi haukuwa umekosea. Ulikuta fundo, ukakata kama ulivyofundishwa.

*

Kumwambia Profesa lingekuwa jambo rahisi kuliko yote, maana walikuwa wakifanya kazi kwenye meza moja kwa miaka sita. Tatizo ni kwamba Profesa Mwaisumo alikuwa baba wa Lusekelo, na Lusekelo ndiye aliyemwoa Atuganile.

Mkamwana hatazamani na baba mkwe wake. Hali naye, hapishani naye njiani, halitaji jina lake. Mila hiyo ni ya siku nyingi, na wakati fulani ilikuwa imeanza kuchakaa, watu wakiifanyia mzaha kwenye harusi. Kisha ikaja Miaka ya Kikohozi. Nyumba ambazo watu wake walikuwa na desturi ya kukwepana ndizo zilizobaki na watu, na tangu hapo hakuna tena aliyecheka. Miiko ya kukaa mbali ilirudi ikiwa na heshima ya dawa. Taasisi ya Vimeng'enya ilipowaajiri wote wawili haikuona ajabu: ilitundika pazia nene mlangoni na kupanga zamu. Asubuhi meza ya tatu ilikuwa ya Atuganile. Saa saba kengele inalia, anatoka kwa mlango wa kusini. Saa saba na robo Profesa anaingia kwa mlango wa kaskazini.

Waliongea kwa daftari. Kwa kuwa jina halitajwi, yeye alimwita Profesa "Mchana," na Profesa alimwita yeye "Asubuhi." *Asubuhi isipunguze joto, iache nyuzi thelathini na saba.* *Mchana ameweka chumvi nyingi, seli zimesinyaa.* Siku moja, baada ya yeye kugundua kosa lililoua Mkasi wa Tano, alikuta ameandikiwa kwa ule mwandiko unaolalia kushoto: *Asubuhi imeona mbali kuliko mimi.* Hakuwahi kuuona uso wa mtu yule ana kwa ana, na hakuna mtu duniani aliyemheshimu zaidi.

Jumanne ile alifungua daftari kwenye ukurasa wa viungo. Profesa alikuwa ameorodhesha kila mahali ambapo Mkasi ulipaswa kujaribiwa: mapafu, ini, figo, moyo, ubongo, damu, ngozi, utumbo. Kisha mstari mmoja mtupu. Kisha misuli, macho, kongosho, uboho. Atuganile alikuwa amekipima kila kimoja na kuweka alama. Na ule mstari mtupu aliuona tangu siku ya kwanza.

Alijua kilichopaswa kuandikwa pale. Alijua pia kwa nini hakikuandikwa: baba mkwe anamwandikiaje mkamwana wake habari za tumbo la uzazi? Alidhani Profesa amempa kazi hiyo mtu mwingine, kwa siri, ili asimvunjie heshima. Angeweza kuuliza, lakini kuuliza kungekuwa kuliandika neno lenyewe. Kwa hiyo aliugeuza ukurasa. Naye Profesa, aliporudi mchana na kuona mstari umepitwa kimya, bila shaka alifikiri Asubuhi imeelewa na imempa mkunga fulani aishughulikie. Wote wawili walikuwa na adabu kamili, na kwenye adabu yao Mkasi ulikuwa umefaulu majaribio ukiwa na tundu.

Alichukua kalamu. Akaiweka juu ya ule mstari. Mkono ukakataa, na kengele ya saa saba ikamkuta bado ameishika.

*

"Mwambie baba yako ni kondo la nyuma," alimwambia Lusekelo jioni ile. "Usizunguke. Mwambie Mkasi unakata ujumbe wa kondo la nyuma, nimepima mara tatu."

Lusekelo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye darasani hakosei hata desimali. Aliondoka akiwa na maneno yote kichwani. Aliporudi, alikaa mbali kidogo na mkewe.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ulisemaje?"

"Nilisema kuna kiungo kimoja hakikupimwa." Akakuna kidevu. "Akaniuliza kipi. Nikasema, ni kiungo fulani cha akina mama. Halafu akasema viungo vyote vya lazima vimepimwa, na baraza linakutana kesho kutwa saa tisa kusaini."

"Lusekelo."

"Ni baba yangu, Atu. Ningemwambiaje maneno hayo wakati anajua yanatoka kwako?"

Atuganile hakumgombeza. Alimwelewa, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Mama mkwe wake, Bi Tupokigwe, alikuwa jikoni akimenya ndizi na hakuwa amepitwa na neno. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mnarushiana ujumbe kama mpira," alisema. "Kila anayeupokea anaupunguza upepo."

"Basi mama, wewe mwambie."

"Mimi nitamwambia nini? Ataniuliza umekatwa mahali gani, kwa kiasi gani, seli ngapi. Nitamjibu kwa ndizi hizi?" Alikaa karibu na mkamwana wake. Aliwahi kuzika watoto wawili katika Miaka ya Kikohozi, na mtu wa namna hiyo haogopi sana macho ya watu. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Hilo alisema bibi yangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kumkwepa mkwe. Alikuwa na yote mawili kichwani, wala hayakumgombanisha."

"Nikiingia zamu yake, watu watasema sina malezi."

"Watasema. Na usipoingia hawatasema kitu, maana hawatajua ni nani wa kumlaumu." Akasimama arudi jikoni. "Nenda ukiwa umekula. Mtu haendi kuvunja mwiko na njaa."

*

Siku ya baraza, saa saba ilipolia, Atuganile hakutoka. Alisimama kando ya meza, picha tatu mkononi, akasikia mlango wa kaskazini ukifunguliwa. Pazia likasogezwa. Mzee mrefu aliyevaa koti la maabara lililofuliwa mpaka kola ikalegea aliingia hatua mbili, akamwona, na papo hapo akageuka ukutani.

"Kuna mtu hapa," alisema Profesa, kana kwamba anauambia ukuta. "Labda saa yake imesimama."

"Saa inatembea, baba."

Atuganile aliona mabega ya mzee yakipanda na kushuka. Alipokuwa mtoto alifundishwa kwamba mkamwana anayemsemesha baba mkwe hukauka ulimi. Ulimi wake ulikuwa umekauka kweli, lakini uliweza kusogea.

"Mstari mtupu, kati ya utumbo na misuli, ni kondo la nyuma," alisema. "Nimepima. Kuna fundo kwenye mkia wa ujumbe wa protini inayounganisha seli. Ni la kirusi cha kale. Mkasi unaliona, unaamka, unakata. Mara tatu, mahali palepale."

Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na Atuganile akaweka picha kwenye kiganja kile bila kumgusa. Profesa aliziinua kwenye mwanga wa dirisha. Alizitazama moja moja, akazirudia. Ilipopita dakika nzima, Atuganile alisikia sauti ambayo hakuitegemea: mzee alikuwa akicheka polepole, kicheko cha mtu aliyepigwa na kitu kizuri.

"Miaka milioni ngapi," alisema Profesa. "Na fundo halijalegea. Tazama kirusi kilivyolitunza." Kisha kicheko kikakatika, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mzee. "Niliuona mstari ule. Kila siku niliuona. Nikasema, Asubuhi ni mwerevu, atajua la kufanya. Nilikutupia aibu yangu."

"Na mimi nilikurudishia."

"Ndiyo. Tuliheshimiana mpaka tukakaribia kuua watoto wa watu."

Wakaanza kazi. Hapakuwa na namna nyingine ya kuliita jambo hilo. Profesa akiutazama ukuta, Atuganile akiitazama meza, walirushiana hesabu kwa sauti kama walivyozirushiana kwenye daftari kwa miaka sita, tena kwa haraka zaidi. Kwenye kila seli kuna kizuizi cha asili, protini ndogo inayoukumbatia mdomo wa mkataji ili usikate. Profesa alisema kizuizi kama hicho kinaweza kufundishwa kuutambua Mkasi, kisha kikawekwa kwenye seli za kondo peke yake. Atuganile akasema kitashika, lakini kitalegea joto likipanda. Profesa akasema basi tukibane upande wa kushoto. Atuganile akaona palepale kwamba ni kweli, akatamani angekuwa na mtu wa kumwambia jinsi alivyofurahi.

"Siku arobaini," alisema Profesa mwishoni.

"Na kikohozi kitafika baada ya saba."

"Tukizuia Mkasi kwa wote, tutazika watu. Kwa hiyo hatuzuii. Tutawapa wanaume, watoto na wazee. Kila mwanamke anayeweza kuwa na mimba asubiri, maana mimba ya wiki mbili hata mwenyewe haijui." Akazipanga upya picha mkononi. "Baraza nitaliambia dozi hazijatosha. Kwamba awamu ya pili inakuja."

Atuganile alihisi uso wake ukiwaka. "Dozi zimetosha, baba."

"Nikiwaambia ukweli, nusu yao watakataa Mkasi wote. Watasema unaua watoto. Watabaki bila kinga, na hao wanawake tunaotaka kuwalinda ndio watakaoambukizwa kwanza. Uongo mmoja mdogo utaokoa wangapi? Hesabu wewe mwenyewe."

Alihesabu. Hakuwa mtu wa kukataa hesabu kwa sababu haimpendezi, na hesabu ya mzee ilikuwa na nguvu. Watu waliogopa sindano, dawa na kila kilichotoka taasisi. Ukweli ungeweza kweli kuwafukuza. Aliwaza wanawake wa sokoni ambao wangesubiri awamu ya pili bila kujua kwa nini, na mmoja wao, mwenye haraka au mwenye woga, akimhonga mgawaji ampe dozi ya mumewe. Angeivuta usiku huohuo akishukuru Mungu.

"Mtu asiyejua kwa nini anazuiwa, atapita dirishani," alisema. "Tukificha, baba, tutakuwa tumeugeuza ukurasa mara ya pili. Mara ya kwanza tulikuwa na aibu. Mara hii tutakuwa tumeamua."

Profesa Mwaisumo aliweka picha mezani. Aliziweka taratibu, zikilingana pembe kwa pembe, akaondoka kwa mlango wa kaskazini.

*

Baraza la Afya la Milima lilikutana ukumbini, na mtu yeyote aliruhusiwa kusikiliza. Siku ile watu walijaa hadi barazani, makoti yakinuka mvua. Mwenyekiti, Mama Mwangoka, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Mezani kwake kulikuwa na karatasi ya kusaini na sanduku la chupa za kwanza. Atuganile alisimama nyuma kabisa, pamoja na Lusekelo na Bi Tupokigwe. Hakujua mzee ataliambia nini baraza.

Profesa alipanda jukwaani akashika meza kwa mikono miwili.

"Mkasi unafanya kazi," alisema. "Kikohozi kikiingia kwa mtu mwenye Mkasi, hakitoki. Hilo naliapia. Lakini unakata pia ujumbe wa kondo la nyuma. Mwanamke mwenye mimba akiuvuta leo, mimba itatoka."

Ukumbi ulinguruma. Mzee mmoja wa kofia ya sufu alisimama mbele. "Profesa, mmefanya kazi miaka kumi na tisa. Hili mmelijua lini?"

"Jumanne."

"Kwa nini Jumanne na si mwaka juzi?"

Hapo Profesa angeweza kusema habari za mitambo au za upungufu wa seli. Atuganile alimwona akivuta pumzi. "Kwa sababu anayepima ni mkamwana wangu, na niliona haya kumwandikia neno hilo. Aliyeligundua ni yeye, na ili aniambie ilibidi avunje mwiko anisemeshe. Kosa ni langu. Mwenye kutaka kumcheka, anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Profesa akaeleza mpango: wanawake wa umri wa kuzaa wasubiri siku arobaini mpaka kizuizi kiwe tayari, wengine wote wavute sasa, kila mmoja awe mlango uliofungwa, ili kikohozi kikose pa kupitia kuwafikia. Mpango ungesimama ikiwa tu watu wa nyumbani mwao wote watakubali. Nyumba moja ikikataa, mwanamke wa nyumba ile amebaki uwanjani.

Watu waliitazama chupa mezani kama mtu anavyomtazama mbwa ambaye ameambiwa tu kwamba haumi.

"Huo ni mzigo mkubwa," alisema Mama Mwangoka. "Mnawaambia wanawake wetu wakae siku arobaini bila kinga, wakitegemea kwamba majirani hawataogopa. Nataka kujua, kabla sijasaini. Kuna mwanamke hapa ambaye ameelewa yote haya na atakubali kuwa wa kwanza kusubiri?"

Wanawake walitazamana. Kujitokeza ni kutangaza, na mimba changa haitangazwi ukumbini, tena mbele ya wakwe. Atuganile alihisi mkono wa Bi Tupokigwe ukiachia kiwiko chake. Haukumsukuma, ulimwachia tu. Akatembea katikati ya watu hadi mbele, akasimama hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wake.

"Mimi nasubiri," alisema. "Nina mimba ya wiki nane. Ninaujua Mkasi kuliko watu wote hapa isipokuwa mmoja, na nawaomba mkauvute, kwa ajili yangu na kwa ajili ya wenzangu."

Profesa alikuwa ametazama chini, kama inavyompasa. Watu waliokuwa karibu waliona mikono yake ikiiacha meza. Alikuwa amepiga hesabu zile zote mchana ule bila kujua kwamba mmoja wa wanaohesabiwa ni mjukuu wake.

Alifungua sanduku. Akachukua chupa ya kwanza, akaipachika puani, akavuta upande mmoja, akavuta na wa pili, macho yakamtoka machozi kwa ukali wa dawa. Akaiweka chupa tupu mezani. "Kwangu hakipiti," alisema. Lusekelo alikuwa ameshafika mbele, mkono wazi. Nyuma yake akaja Bi Tupokigwe, na nyuma ya Bi Tupokigwe, baada ya kusitasita, yule mzee wa kofia ya sufu, akilalamika kwamba dawa inanuka kabla hata hajapewa. Mstari ukaanza kujikunja kuelekea mlangoni, na Mama Mwangoka akainuka, akavuta karatasi na kalamu.

Katikati ya msukumano huo Profesa Mwaisumo aliinua uso wake. Hakuharakisha. Alimtazama mkamwana wake machoni, mbele ya watu wote, kwa muda ambao hakuna mtu wa Tukuyu ambaye angeweza kuuita bahati mbaya, kisha akavuta kiti cha mwenyekiti wa baraza kutoka nyuma ya meza na kumsogezea.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umesimama sana leo."